Msaragambo wa Migongo

Navo alikohoa mbele ya Msikivu kama alivyofundishwa: mdomo wazi, mabega chini, bila kujizuia. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, imefungwa ukutani usawa wa uso wa mtoto, na ilikuwa na adabu kuliko watu wengi wa Ndorwe, maana ilisubiri mtu amalize ndipo iseme. Siku hiyo ilisubiri sana. Kikohozi kilianza kikavu, kikashuka, kikafika mahali pazito chini ya mbavu, na hapo kikagoma. Mtoto alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama yake, Eliwaza, akamshika kiuno.

"Mwache," alisema Nakijwa. "Mwache alitoe mwenyewe."

"Wifi, si unaona hali yake."

"Naona. Mwache."

Mwishowe likatoka, donge la kohozi la rangi mbaya. Nakijwa akalidaka kwenye kikopo na kukitumbukiza kinywani mwa mashine. Navo akaketi chini pale pale sakafuni, akihema, jasho likimtiririka puani.

Nakijwa Mrutu alikuwa mlinzi wa dawa katika kituo cha afya cha Ndorwe, mji mdogo ulioshikilia mteremko wa milima ya Upare kwa ukaidi tu. Navo alikuwa mtoto wa kaka yake, na kisheria mlinzi hakutakiwa kumhudumia ndugu. Lakini Ndorwe ukitaka mlinzi asiye na undugu na mtu, labda umwagize kwa meli. Kwa hiyo sheria ile waliiheshimu kwa kutoitaja.

Navo alikuwa mmoja wa watoto wa chumvi. Mama akimbusu mtoto wa namna hiyo kwenye paji la uso anaonja chumvi, na ndivyo wanavyotambulika tangu wakiwa wachanga. Madaktari huuita ugonjwa huo sistiki faibrosisi, jina linalochosha ulimi. Kamasi la kifuani kwao halitelezi kama letu, linaganda, na bakteria wakishaingia mle wanajenga na kuhamia kabisa. Ndiyo maana kikohozi chao kinaondoka na kurudi, kinaondoka na kurudi, na kila kikirudi kinachukua kipande cha pafu.

Msikivu ukaanza kusema, kwa sauti yake ya upole inayokera.

"Bakteria huyu ni sugu kwa Kijani. Ni sugu kwa Nyekundu. Kwa Buluu, anakufa."

Kijani ndiyo iliyokuwa kwenye zamu. Nyekundu ilikuwa imetoka zamu ikiwa imeshachoka. Na Buluu ilikuwa imepumzishwa.

Mtu wa Ndorwe haelezwi mambo hayo, anazaliwa akiyajua. Ilikuwapo Miaka ya Vidonda, wakati antibayotiki zote ziligeuka maji, na mwiba wa mguuni ukawa habari ya kununua sanda. Dunia ilikuwa imezitumia ovyo mpaka bakteria wakazizoea. Baadaye ndipo wataalamu wakakumbuka jambo ambalo kila mkulima wa tangawizi analijua: shamba likichoka unalipumzisha. Bakteria asipokutana na dawa kwa miaka mingi anasahau kupigana nayo, kwa sababu kuubeba ujuzi usioutumia ni mzigo hata kwa mdudu. Basi dawa zikagawanywa kwa rangi. Rangi moja inafanya kazi, nyingine zinalala kwenye kabati la chuma, na ole wake anayeziamsha kabla ya wakati. Buluu ililazwa kabla Navo hajazaliwa, na mapumziko yake yalikuwa bado hayajaisha.

"Kwa hiyo kuna dawa," alisema Eliwaza.

"Ipo. Ipo kabatini."

"Basi fungua."

"Wifi, unajua halifunguliwi hivyo." Nakijwa akachuchumaa ili waonane. "Kabla sijamwita shahidi aje tulifungue pamoja, lazima nikuulize, na unijibu kama mgonjwa mwingine yeyote. Kuna mtoto mwingine wa chumvi anayekaa karibu na Navo? Wamelala pamoja, wamevuta mashine moja ya mvuke, wamekoholeana?"

Eliwaza alikuwa akimfuta binti yake mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuinua uso.

"Hakuna."

"Sifaeli, yule wa ng'ambo ya bonde?"

"Shuleni si wamewatenganisha? Hakuna, wifi. Unataka nikuapie?"

Nakijwa hakutaka kiapo. Alitaka jibu lile lile alilolipata, na mtu akipewa anachokitaka huwa haulizi mara ya pili. Akatuma ujumbe kwa shahidi. Shahidi akajibu kwamba ana ng'ombe juu ya meza na atakuja akishafunga bucha mchana.

*

Eliwaza alirudi nyumbani kuchukua nguo na uji, maana matibabu ya Buluu yangechukua wiki mbili za dripu na mvuke, na mtoto asingeruhusiwa kutoka. Nakijwa akabaki na Navo. Akamlaza kifudifudi mapajani, kichwa kikining'inia, akaanza kumpiga mgongo ili kamasi liachie. Kazi hiyo ni ya lazima kwa mtoto wa chumvi, asubuhi na jioni, kila siku ambayo Mungu ameileta, na inachosha mikono kuliko kutwanga.

"Si hivyo, shangazi," Navo alisema kwa sauti ya kichwa chini.

"Si hivyo vipi?"

"Unapiga kama unafukuza kuku. Unatakiwa ukunje kiganja, kiwe kama kikombe. Halafu unafuata wimbo."

"Wimbo gani tena?"

Navo akaimba, akikatizwa na kikohozi kila baada ya maneno machache.

"Mgeni wa kifuani, njia ni hii, mgeni toka, mlango u wazi. Mama Sifaeli ndiye anaanzisha, halafu wote wanaitikia na kupiga. Ukipigwa na wote inatoka haraka."

Mkono wa Nakijwa ulisimama hewani.

"Wote akina nani, Navo?"

"Akina mama. Kwenye msaragambo."

Pole pole, huku akiendelea kupiga ili mtoto asishtuke, Nakijwa aliuliza, na Navo akasimulia kwa furaha ya mtoto anayeulizwa kitu anachokijua. Walikutana kwa Mama Sifaeli, chumba cha nyuma kinachopakana na bucha. Watoto walikuwa wanne: yeye, Sifaeli, na mapacha wa Nakiete. Walilazwa kwenye mkeka mmoja, vichwa pamoja katikati, na akina mama wakazunguka. Majirani wengine walikuja kusaidia, wenye watoto wasio na ugonjwa, maana msaragambo ni kazi ya wote na hakuna anayeulizwa faida yake. Kabla ya kupigwa wanavuta mvuke.

"Kila mtu na mashine yake?"

"Iko moja. Ya Sifaeli ndiyo inafanya kazi, zile nyingine zimekufa. Tunapokezana barakoa." Navo alifikiri kidogo. "Mimi huwa wa mwisho kwa sababu nakohoa sana. Mama alisema nisikwambie, lakini wewe umenipiga vibaya."

Nakijwa alimgeuza mtoto, akamkalisha, akamkumbatia. Alionja chumvi. Alisikia hasira, na chini ya hasira alisikia woga mtupu, kwa sababu sasa alijua, na kujua hakufutiki.

*

Alimkuta Eliwaza kwenye kamba ya nguo nyuma ya kituo, anaanika shuka alizokuja nazo ambazo wala hazikuwa zimeloa. Alihitaji tu mikono yake ishike kitu.

"Ameniambia," alisema Nakijwa.

Eliwaza alibana kibanio kimoja, akachukua cha pili.

"Watoto wana midomo," alisema.

"Wanne, Eliwaza. Mkeka mmoja, barakoa moja. Uliambiwa. Nilikuambia mimi mwenyewe mtoto akiwa bado kwenye beleko, watoto wa chumvi wasikaribiane, kila mmoja ana mdudu wake na wakichanganya anayetoka ni mbaya kuliko wote."

"Uliniambia. Kisha ukaenda nyumbani kwako ukalala." Eliwaza aligeuka sasa. "Kaka yako yuko machimboni, anakuja Krismasi na zawadi. Mimi napiga mgongo asubuhi, napiga jioni, naamka kumsikiliza kama bado anapumua. Mkono huu ulifika mahali haupandi juu ya bega. Nilikuwa nampiga mwanangu huku nalia, naye ananiambia mama pumzika kidogo. Ndipo Mama Sifaeli akasema, sisi tunalimiana mashamba, tunajengeana nyumba, mbona hili kila mtu anafia nalo chumbani kwake peke yake? Tukaona ni kweli. Wana ugonjwa ule ule, wifi. Tulijiuliza, ataambukizwa nini ambacho hana?"

Kosa lenyewe lilikuwa la upendo, na kosa la namna hiyo humnyima mtu hata raha ya kulaumu.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu nalijua swali la kabati. Kila mtu analijua. Je, mdudu huyu yuko katika mwili mmoja tu? Nikisema hapana, Buluu haitoki."

"Ikitoka kwa Navo peke yake unajua kitakachotokea?"

"Atapona."

"Atapata nafuu. Kamasi lao ni zito, dawa haifiki kila pembe. Kwa hiyo wako wachache watakaobaki wamejificha, wameionja Buluu na hawakufa. Akikutana na Sifaeli, au ukikutana wewe na Mama Sifaeli mkapeana barakoa, wanarudi na wenzao, na safari hii wana ujuzi. Ndani ya msimu mmoja Buluu imekufa hapa. Halafu inakufa Same, Moshi, Dodoma. Miaka yote ile iliyolala imelala bure."

"Navo ana miaka saba," alisema Eliwaza. Alisema bila kupaza sauti. "Mimi Dodoma simjui mtu."

Akamshika Nakijwa mkono, akaubana kwa nguvu.

"Kabati halijui uongo. Linajua viganja tu. Weka kiganja, sema ndiyo, shahidi Hamadi ataweka cha kwake, basi. Sitamsogeza Navo kwa mtu tena mpaka afe mzee. Nakuomba, Nakijwa. Wewe ni damu yake."

Nakijwa aliutazama mkono uliomshika. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo kwa kupiga. Alitaka kusema ndiyo. Tuseme ukweli, alitaka kabisa, na kama shahidi angefika dakika ile ile huenda angesema. Lakini Hamadi alikuwa bado anasafisha mapanga yake, na Nakijwa akabaki amesimama kati ya shuka kavu, na alichokifikiria ni mapacha wa Nakiete, ambao hawakuwa na shangazi kwenye kituo.

*

Hamadi Mfinanga alifika akinuka sabuni. Alikuwa muuza nyama, mtu mnene asiyependa mazungumzo, na mikono yake aliivalisha glavu za waya tangu ujana. Ushahidi wa kabati alipewa kama wanavyopewa mashahidi wote, kwa kufiwa. Mwanawe wa kwanza alijikata na kisu cha dukani katika Miaka ya Vidonda, jeraha ambalo lingefunikwa na punje ya mahindi, na akafa. Sheria ilitaka kiganja cha pili kiwe cha mtu anayekumbuka.

"Ni huyu?" aliuliza akimtazama Navo kitandani. Navo akampungia mkono, naye akampungia. "Haya, mlinzi, tufanye."

Kabati lilikuwa katika chumba cha ndani, refu, la kijivu, lina vibao viwili vya kuwekea viganja. Nakijwa akaweka cha kwake. Hamadi akavua glavu, akaweka chake. Eliwaza alisimama mlangoni, mdomo ameuziba kwa kanga.

"Ombi la Buluu," kabati lilisema. "Je, mdudu huyu yuko katika mwili mmoja tu? Mlinzi ajibu."

Hamadi akamgeukia. Nakijwa aliyasikia mapigo ya moyo wake kwenye chuma.

"Jibu bwana, nimeacha mteja."

Nakijwa akaondoa kiganja.

"Wako wanne," alisema.

Mlangoni Eliwaza alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Kisha alikaa chini, mgongo ukiteremka ukutani mpaka sakafuni. Nakijwa hakuthubutu kumtazama, akaendelea kusema haraka kabla ujasiri haujamtoka. Alimweleza Hamadi msaragambo, mkeka na barakoa. Alimweleza pia alichokuwa amekitafakari pale kwenye kamba ya nguo: kwamba kumtibu mmoja ni kuua dawa, na kutomtibu yeyote ni kuua watoto. Njia ya tatu ilikuwepo ila haimo kwenye sheria. Wote wanne waanze Buluu siku moja, saa moja, kila mmoja nyumba yake, hata mapacha, na wasikutane tena.

"Ni kama magugu," alisema. "Ukipalilia kwako na jirani hajapalilia, umecheza. Mkipalilia wote siku moja, yanakosa pa kurudia."

"Na kabati litakubali?"

"Likijibiwa hapana linafunguka vilevile, watu hawaambiwi tu. Waliolitengeneza waliogopa kabati litakalogoma hata watu wakifa mbele yake. Ila litapiga kelele mpaka makao makuu, na mlinzi aliyefungua hatalifungua tena."

"Hilo ni lako. Mimi nauliza langu." Hamadi alikuwa anaivaa glavu upya, kidole kimoja kimoja. "Buluu iliyomo inatosha watoto wanne?"

"Inatosha."

"Na inabaki?"

Nakijwa alikuwa ameogopa swali hilo kuliko lile la kabati.

"Haibaki. Rafu itakuwa tupu mpaka mapumziko yaishe. Hakuna watakachotuletea kabla."

"Mwanaidi anajifungua mwezi ujao," alisema Hamadi.

Kila mtu Ndorwe alijua hilo. Mwanaidi alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyebaki. Na kila mtu alijua homa ya uzazi ni nini, na kwamba Kijani wakati mwingine haiiwezi.

"Najua, Bwana Hamadi."

"Unajua. Halafu unaniambia niweke mkono." Sauti yake ilianza kutetemeka, na hilo lilimkasirisha. "Nilisikia yale makofi nyuma ya bucha. Miezi yote ile. Nikadhani wanawake wana kicheko chao, wana ngoma ya harusi. Niliongeza hata redio. Kumbe wanapika hiki."

"Hawakujua."

"Hata mwanangu hakujua kisu kina nini. Mdudu haulizi kama mtu anajua." Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Siwezi kuweka. Na siwezi kuacha kuweka, nikamwangalia huyu mtoto anayenipungia mkono. Mwiteni Mwanaidi. Ni mwili wake. Aseme mwenyewe."

Mwanaidi alikuja akipanda ngazi za kituo kwa kupumzika, tumbo mbele, mkono kiunoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu. Alikuwa msichana wa maneno mengi sokoni, na hilo liliwatisha wote.

"Mimi nimo," alisema baadaye.

"Umo wapi?" aliuliza baba yake.

"Kwenye msaragambo. Nilikuwa naenda kupiga. Mama Sifaeli yuko ukuta mmoja na sisi, baba, ungetaka nikae naye nasikia mtoto anakohoa?" Akamgeukia Nakijwa. "Mdudu huyo yuko kwangu?"

"Kifua chenye afya kinamtema. Hawezi kukaa kwako."

"Na nikipata homa baada ya kujifungua?"

"Nitakupa Kijani mapema."

"Na Kijani ikishindwa?"

Nakijwa angeweza kupamba. Wauguzi wanajua kupamba, ni nusu ya kazi.

"Sina kitu kingine," alisema.

Mwanaidi aliketi kwenye benchi. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, akayafuta kwa kiganja, mengine yakaja. Chumba cha pili Navo alianza kukohoa, kile kikohozi kinachofika chini na kugoma, na wote wanne wakajikuta wamezuia pumzi wakisubiri kitoke. Hakikutoka. Eliwaza aliinuka kwenda, lakini mwingine akamtangulia. Mwanaidi ndiye aliyekwenda. Walimsikia akikaa kitandani, kisha wakasikia makofi ya kiganja kilichokunjwa, na sauti yake iliyokauka ikiimba mgeni wa kifuani, njia ni hii. Ilichukua muda. Mwishowe mtoto akakohoa na kutema, akavuta pumzi ndefu.

Mwanaidi alirudi akajiegemeza mlangoni.

"Naogopa," alisema. "Msiseme nina roho nzuri, sina, naogopa sana. Baba, weka mkono kabla sijabadilika."

"Mwanangu."

"Weka."

Eliwaza alitaka kumpigia magoti. Mwanaidi akamzuia kwa mkono.

"Usinishukuru, dada. Nikifa huyu wangu mtamlea ninyi, akina mama wote mlionifikisha hapa. Na akizaliwa wa chumvi, mgongo wake mtaupiga ninyi."

Hamadi alivua glavu. Alikuwa analia waziwazi, kama wanaume wa Ndorwe wanavyolia msibani na si penginepo. Viganja viwili vikakaa kwenye chuma.

"Je, mdudu huyu yuko katika mwili mmoja tu?"

"Hapana," alisema Nakijwa.

"Hapana," alisema Hamadi.

Kabati lilirudia swali mara nyingine, na nyingine tena, kwa onyo refu zaidi kila mara, nao wakashikilia. Kisha likafunguka, na king'ora chake kikawatoa watu madukani mpaka mtaa wa chini.

*

Wiki mbili ni ndefu kwa mama anayekaa na chupa ya dripu. Buluu iliingia kwa mshipa na kwa mvuke, nyumba nne, maana pacha mmoja alihamishiwa kwa bibi yake, saa moja, kila nyumba na mashine yake, maana Hamadi alizipeleka zile tatu zilizokufa kwa fundi na kumsimamia mpaka zikafufuka. Nakijwa alizunguka na kubadili gauni mlangoni kwa kila mmoja. Homa ya Navo ilishuka. Makohozi yakaanza kuwa meupe. Pacha mmoja alikawia, wakaogopa, kisha naye akafuata.

Makao makuu walituma ujumbe mmoja tu: wanakuja kuondoa kiganja cha mlinzi na kuhoji. Hawakusema lini. Kwa hiyo Nakijwa alifanya kazi kila siku kama ya mwisho, na kila jioni alipita bucha kumtazama Mwanaidi miguu kama imevimba, na Mwanaidi alimwambia aache kumtazama kama ng'ombe wa mnada.

Jioni moja alikuwa kwa wifi yake, Navo mapajani. Eliwaza alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyekuwa akiudai. Dirisha lilikuwa wazi upande wa bonde.

"Shangazi, Sifaeli nitamwona lini?"

"Hutamwona, Navo. Nilikueleza."

"Nikiwa mkubwa?"

"Hata ukiwa mkubwa. Mkikaribiana mtaumizana."

Katika mji mzima, Sifaeli ndiye rafiki yake pekee aliyejua jinsi hewa inavyokuwa nzito, na hakuwahi kumwambia ajikaze. Nakijwa aliendelea kupiga, kiganja kimekunjwa kama kikombe, jinsi alivyofundishwa. Alihisi uchungu wa kweli kwa alichokifanya, ingawa angekifanya tena.

"Nyamaza kidogo," alisema Navo. "Acha kupiga."

Nakijwa akaacha. Kutoka ng'ambo ya bonde, hafifu lakini wazi, yalikuja makofi. Kiganja kilichokunjwa, mgongo wa mtoto, pigo lile lile la wimbo. Kisha kikohozi, kizito, kilichopanda chote bila kugoma.

"Ni Sifa," Navo alisema. "Imetoka yote hiyo."

Akajiinua kwa viwiko, akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana, akakohoa kuelekea dirishani, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi. Akasubiri. Ng'ambo kikaja kikohozi kimoja kifupi, cha makusudi kabisa. Navo akacheka mpaka akakohoa kwa kweli.

Chini kwenye kona za barabara gari lilikuwa linapanda, injini nzito ya serikali, taa zimewashwa ingawa giza halijaingia. Nakijwa aliliona. Alijua linakwenda kituoni na alijua linamfuata nani. Akamlaza Navo vizuri upande wa pili, kwa sababu pafu la kushoto lilikuwa bado, akakunja kiganja na kuanza wimbo.